Mifuko Mitatu ya Mchanga

Siku yangu ya mwanzo kazini, kule kiwanja cha ndege cha Nizwa, sikuruhusiwa hata kufungua mlango wa ndege. Cheti cha urubani nilikuwa nacho, nimekipata Nairobi kwa jasho langu, na shati jeupe kanipigia pasi mama. Kapteni Mkuu, Mngereza mrefu asiyecheka, akanikabidhi mizani ya ndoana, ile ya kutundikia mzigo.

"Pima," akaniambia.

"Nipime nini?"

"Kila kinachopanda. Hata wewe mwenyewe."

Nikapima tangu asubuhi mpaka alasiri: madumu ya maji, mahema, makopo ya samaki, viatu vya wataalamu. Nilihamaki, wallahi. Nikasema, mie nimerudi Oman kurusha ndege au kuuza nyama?

Lakini haki yake nitampa. Ndege zetu zilikuwa za injini moja, viti sita, na hewa ikishapata moto huwa nyepesi, haizibebi mbawa sawasawa. Mzigo unaoruka nao alfajiri bila ya taabu, saa nne ya asubuhi huo huo unakukatalia, na njia ya kurukia imekwisha mbele yako. Kwa lugha yetu Wazanzibari ningesema mizani haina muhali, haimwonei mtu haya. Nyinyi mnaohesabiwa uzito na kompyuta, hilo hamlijui.

Baada ya Nizwa nikapelekwa Ibra, nikiwachukua wataalamu wa maji kwenda kukagua mafalaji, ile mifereji ya kale ya kumwagilia mashamba. Mwanzo wa miaka ya themanini nikahamishiwa Sur, na Kapteni Mkuu naye akaja huko, kapandishwa cheo. Wakati huo watafiti wa Kizungu walikuwa wamepiga kambi katikati ya mchanga wa Wahiba, mbali na Bidiya, wakichunguza mchanga unavyotembea. Kazi yangu ilikuwa kupeleka maji na chakula, na kurudi na mchanga. Ndiyo, mchanga! Umetiwa kwenye mifuko ya turubai, kilo ishirini kila mmoja, na kibati cha namba shingoni.

Siku moja nimeshapakia, nataka kuondoka kabla jua halijawa kali, akatokea bedui mmoja akikokota ngamia. Jina lake Hamad, tukimjua, ndiye aliyekuwa akiwaonesha watafiti njia. Ngamia kavalishwa shogi, yale makapu mawili makubwa yanayoning'inia ubavu huu na huu. Kapu moja limefunikwa nguo, na ndani yake nikasikia mtu anaugua.

"Ya kapteni," akasema, "mke wangu ana uchungu tangu juzi. Mimba ya kwanza. Mchukue Sur, hospitali."

Mtaalamu Mkuu wa kambi akatoka hemani. Nikamweleza. Akatazama saa yake.

"Ndege hii ni ya utafiti. Mzigo umejaa. Tutaomba ndege nyengine kesho."

"Kesho atakuwa maiti," nikamjibu. "Nashusha mchanga."

"Unashusha kiasi gani? Uzito wake unaujua? Sheria yenu wenyewe, bila ya kupimwa hapandi mtu."

Hapo akanifunga mdomo, maana kweli sheria ni yetu, na mie ndiye niliyekuwa nikiwasumbua nayo. Ndege ilikuwa imejaa mpaka ukomo, na jua linapanda. Nikaitoa ile mizani. Hamad alipoiona ndoana, uso ulimgeuka.

"Mke wangu umtundike kama mbuzi? Mbele ya wanaume hawa?"

Nikajaribu kumfahamisha, hataki. Mtaalamu Mkuu anasema bila ya kupima haendi, mume anasema kupimwa hapimwi, na mie nimesimama baina yao na ndoana yangu mkononi kama mpumbavu. Saa nzima ikapita! Saa nzima tunabishana, na yule mama ndani ya kapu hata sauti ya kuugua ilikuwa inampotea.

Mwisho Hamad akatupa mgongo. Akaenda kwenye kapu la pili, lile la kusawazisha, akatoa mawe na magozi ya maji yote. Akaja kwenye ndege yangu bila ya kuomba ruhusa, akachukua mfuko wa mchanga, akautia kapuni. Shogi bado limeelemea upande wa mkewe. Akatia wa pili, bado. Akatia wa tatu, likakaa sawa, halikuinama huku wala huku.

"Huo uzito wake," akasema. "Sasa umeshapima."

Mifuko mitatu, kilo sitini. Nikaiacha pale pale chini, nikamlaza yule mama nyuma, na mumewe akakaa kiti cha msaidizi wangu, msaidizi akabaki kambini. Ndege ilibanduka mwisho kabisa wa njia, lakini ilibanduka.

Hospitalini mama aliokolewa. Mtoto, mwanamume, alitoka keshakufa. Daktari aliniuliza, "Mmechelewa wapi?" Na mpaka leo roho inanitokota. Tulichelewa kwa mchanga, nimwambie nini?

Kapteni Mkuu akaniita.

"Ulimpima?"

"Nilimpima. Kilo sitini."

"Basi uliruka salama."

"Salama."

Akachukua kalamu, akaniandikia barua ya onyo: kuacha mifuko mitatu ya sampuli bila ya idhini. Nikamuuliza, na mwanamke umemwandika wapi? Akasema fomu haina nafasi ya abiria asiyekuwa wa msafara. Hebu fikirini! Mchanga una namba, mtu hana hata mstari. Wiki ya pili nikaenda kuichukua ile mifuko, niliikuta pale pale, haijapungua hata punje. Ingeweza kungoja mwaka mzima.

Nimeruka miaka mingi baada ya hapo, na kwa rehema za Mungu sikumwangusha mtu. Siku ya kustaafu, kijana mmoja wa afisini, mtoto wa Kizanzibari mwenzetu, alinifungulia faili langu.

"Shikamoo, mzee. Faili lako zuri kweli, lina doa moja tu. Barua hii ya mchanga. Nikutolee?"

"Marahaba, mwanangu. Usiiguse."

"Lakini ni onyo, mzee."

Nikamwambia ile mifuko mitatu ni mama mmoja wa Kibedui, kilo kwa kilo. Jina lake sikuambiwa, na kwa ada yao mume hakupaswa kunitajia, mie mwanamume mgeni. Katika makaratasi yao yote, hapo tu ndipo panapoonekana kwamba alipanda ndege yangu.

"Ukiitoa," nikamwambia, "utakuwa umemteremsha."