Wageni Wale Samaki

Wanasema kosa ni la mume wangu. Thubutu! Mtu asiyeua hata mende humu ndani, mpaka nimpokonye ufagio niue mwenyewe, ndiye aliyemaliza samaki wa mto mzima?

Ngojeni niseme. Mume wangu ni mlisha samaki kwenye kituo cha kuhifadhi viumbe wa mtoni. Kazi yake ni mkiashaba, samaki wa ukubwa wa kiganja, mkia unaong'aa kama waya wa shaba. Mama mkwe anasema enzi zake walijaa tele, kutoka maporomoko ya juu hadi kwenye matete ya chini, watoto wakiwavua kwa vyandarua vibovu. Kikaja kiwanda cha ngozi, wa chini wakafa. Wakubwa wakamwaga mtoni samaki wageni wenye meno, wa juu wakaliwa. Likabaki dimbwi moja chini ya daraja, na kiangazi kilichopita shamba la kigogo mmoja likalinyonya kwa pampu hadi tope. Mume wangu aliingia topeni hadi kiunoni, akarudi na waliobaki ndani ya ndoo yangu ya kufulia. Tangu hapo hawajaonekana mahali pengine popote.

Wivu nilikuwa nao, sikatai. Mimi nikiumwa naambiwa "pole, mama watoto". Mkiashaba akikohoa, bwana analala kituoni. "Nenda kwa wake wenzangu," namwambia, "labda leo watakupikia." Anacheka mpaka machozi. Lakini majike walipoanza kujaa mayai alikuja mbio kuniambia hata viatu hajavua, nami nikamkumbatia, wivu pembeni.

Basi wakatangazwa wageni, watu wa misaada, wanakuja kumwona samaki huyo kwa macho yao. Meneja, ambaye tangu ateuliwe hajakanyaga chumba cha matangi, akatuma ujumbe kwenye kundi la simu la wafanyakazi: "Waandalie wageni wale samaki." Hakutaja jina la mtu. Hakuweka hata mkato.

Mume wangu akasoma: wale samaki, yaani wale wake. Akawatoa tangini ili asugue kioo, akawaweka kwenye beseni barazani penye kivuli, mlango wa pili ni jiko, akaenda mtoni na mkokoteni kuchota maji, maana ya bomba yana dawa. Mpishi naye akasoma: wageni wale, washibe. Akafungua mlango, akakuta beseni. Mpishi simlaumu. Nani aletewe samaki mlangoni pa jiko aulize kama wamekuja kutembea?

Mimi nilikuwa nimempelekea mume wangu shati la kupokelea wageni, nimelipiga pasi mwenyewe. Nikasikia harufu ya vitunguu, nikasema, leo hawa wanakula vizuri. Nikachungulia ukumbini. Mikia ile naijua. Shati likanidondoka.

Meneja alikuwa anachambua miiba huku akiwaeleza wageni jinsi kituo kinavyojitoa mhanga kwa ajili ya mkiashaba. Anamtafuna na hamjui! Jamani, hamjui! Leo mdomo huohuo unasema aliyeweka samaki karibu na jiko ndiye mwenye makosa, asimamishwe kazi. Mimi niliyewaonea wivu nimewalilia kuliko nilivyomlilia shangazi yangu. Meneja yeye aliomba kijiti cha meno.

Siku ile mume wangu aliingia suruali imelowa, bado anahema kwa kusukuma mkokoteni. Akasimama mlangoni, akaangalia sahani, moja baada ya nyingine. Mgeni mmoja, mama mpole tu wa watu, akafuta vidole, akamtabasamia.

"Watamu kweli hawa, baba. Wapo wengine?"

"Hapana, mama," mume wangu akasema. "Hao ndio wa mwisho."

"Si neno," meneja akadakia. "Leteni kuku."