Ng'ombe wa Baba katika Pango la Noeli

Siku hizi wajukuu wangu wananunua Noeli dukani, nzima nzima, ya plastiki, na taa ndani inayowaka na kuzima. Mimi nanyamaza. Halafu sinyamazi, maana kunyamaza sikuumbiwa. Nawaambia: ninyi hamjaona pango la Noeli, lile la kanisani, lenye sanamu za Maria na Mtoto. Sisi tuliliona, kule Bagira, wakati wa Wabelgiji, na ng'ombe aliyekuwa ndani alikuwa wetu.

Mwaka ule tulikuwa tumetoka kijijini. Ili tuhamie mjini, baba aliuza ng'ombe mmoja tu aliyekuwa naye, jike jekundu mwenye pembe moja iliyoangalia chini. Mushi, yaani mtu wa kabila letu, anauza ng'ombe huku roho inamuuma, lakini baba alikuwa amepata kazi ya useremala kwenye atelye, ile karakana ya misioni, na nyumba ya matofali. Mama alikubali. Baadaye akajifungua mtoto wa kiume, maziwa yake yakakauka, na mtoto akatuponyoka. Mama hakumlaumu baba. Siku ya mazishi alisema tu, "Kama ng'ombe ingekuwa..." akakatia hapo. Tangu siku ile hakukanyaga kanisani. Yeye, aliyekuwa anaanzisha nyimbo, sauti yake inasikika mpaka barabarani! Jumapili tulikwenda wawili, baba na mimi. Watu walipouliza, "Maman iko?" baba alijibu, "Iko, iko," akapita haraka.

Majilio yalipofika, yale majuma ya kungojea Noeli, sakristani, mtunza vyombo vya kanisa, aliangusha sanduku la sanamu za plasta zilizotoka Ulaya. Maria alipona, Yosefu alipona, hata punda alipona, ambaye hakuna mtu Bagira aliyewahi kumwona akiwa hai. Ng'ombe dume akawa unga. Padri akamwomba baba achonge mwingine.

Alichonga atelye, baada ya kazi, na mimi nilimpelekea chakula. Pembe ya kwanza aliipandisha. Ya pili akaishusha. Nikajua ni nani. Halafu akachonga kiwele, kikubwa, kimejaa, chuchu zote nne.

"Usimwambie mama yako," alisema. "Nataka amuone mwenyewe, mule ndani ya kanisa. Akimuona, atarudi."

Padri alimzungusha yule ng'ombe mikononi, akatazama chini ya tumbo, akakunja uso.

"Papa, niliomba dume. Mu pango kunakuwaka dume na punda. Iko vile tangu zamani."

Baba alivua kofia, lakini macho hakuyashusha. "Padri, mwanamuke anazaa, na mu nyumba hakuna maziwa? Ile dume itamupa mutoto nini?"

Padri akacheka, akaona baba hacheki, akaacha. Hakuwa mtu mbaya. Siku zilikuwa zimekwisha na dume hakupatikana, basi akaamua: ng'ombe atasimama pangoni, ila nyasi zimfike tumboni. Akazipanga yeye mwenyewe, kwa mikono yake, mpaka kiwele chote kikapotea. Nilikasirika, jamani! Njia nzima ya kurudi nilitaka nikazitawanye zile nyasi.

Asubuhi ya Noeli alimwambia mama, "Leo tu. Kuja umusalimie mwenye amejifungua."

Hapo alimpata. Kwetu mwanamke haachi kwenda kumwona mzazi aliyejifungua, hata awe na matanga yake mwenyewe. Mama alisimama katikati ya nyumba, kitambaa cha kichwa mkononi. "Nitaenda na nini? Sina hata maziwa ya kumupelekea."

"Kuja tu," baba akasema.

Baada ya misa tulijipanga mstari kwenda kubusu miguu ya Mtoto pale pangoni. Baba alikuwa nyuma ya mama, na nilimsikia anavyopumua. Mama alipofika mbele aliinama, akaiona ile pembe. Akabaki hapo hapo. Kisha akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya nyasi, akapapasa taratibu, na uso wake ukabadilika. Akaanza kutoa nyasi, konzi kwa konzi, anaweka pembeni, mpaka kiwele kikawa wazi mbele ya kanisa zima. Mstari ulisimama. Sakristani akaja mbio. Padri akamshika sakristani mkono, akamzuia.

Mama alimtazama Maria usoni. Alisema naye kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na jirani yake:

"Hii ng'ombe iko yetu. Iko na maziwa mingi. Umukamulie mutoto wako."

Baba alilia palepale, mbele za watu, wala hakujificha. Mama aliinuka, akajipangusa nyasi magotini, akaenda kusimama mahali pake pa zamani, kwa waimbaji.