Mkwe Aliyekataa Kufunua Mtungi

Wenzangu mliokulia kambi ya wafanyakazi Élisabethville enzi za Wabelgiji, mnakumbuka harufu ya Alhamisi? Wanawake walikuwa wamekwisha kuotesha ulezi, kuuanika juu ya paa la jiko, kuutwanga na kuupika, na sasa katubi, pombe ya ulezi, ilikuwa mtungini ikijichachukia yenyewe. Kupika pombe kambini kulikatazwa kabisa. Kwa hiyo kila nyumba ilipika. Sisi watoto tulipewa munkoyo, ile tamu ya mizizi, tukajifanya tumelewa, tukaanguka mchangani mpaka bibi atufukuze na ufagio.

Zawadi ya mpenda pombe haikuwa bilauri yenye jina lake, kama vijana wanavyopeana siku hizi huku wakipigana picha. Ilikuwa mrija. Mtu alirudi kutoka Luapula na tete zuri lililonyooka, ukalitunza ndani ya kitambaa. Mtungi uliwekwa katikati, maji ya moto yakamiminwa, wazee wakauzunguka wakafyonza kwa zamu. Asiye na mrija wake alikuwa mtu wa kuhurumiwa.

Mwaka ule dada yangu mkubwa, yaya Elena, alikuwa anaposwa na Musonda, malonda wa kambi, yaani mlinzi. Wajomba zake walikuwa njiani kutoka Kasenga na magunia ya samaki wakavu. Wangefika Jumamosi, na wasipokuta katubi ya mama mkwe, wangepanda lori warudi na samaki wao. Yaya Elena alikonda kwa hofu. Hakumtaka mwanamume mwingine, na alilisema hilo wazi mbele ya baba, jambo ambalo wasichana hawakulifanya.

Alhamisi, Bwana Kambi, Mbelgiji mwenye pua iliyozoea kazi yake, alinusa akaja moja kwa moja kwetu. Na malonda aliyekuja naye ni Musonda.

Mama aliposikia sauti ya Musonda alitoka mbio kwa mlango wa nyuma, akajibanza kwenye banda la kuku. Hakumkimbia Mzungu. Alikimbia mkwe, kwa maana mkwe na mama mkwe hawatazamani, hata nyumba ikiungua. Bibi akaulaza mtungi kitandani nusu wima, akaufunika blanketi, akaufunga kilemba cha mama shingoni.

“Bibi yangu, mama ya batoto, eko mugonjwa, Bwana,” baba akasema.

Kusikia hivyo, Musonda aligeuka pale pale, akaingia chumbani kinyumenyume, uso ukutani.

“Jambo, mama,” akauambia mtungi kwa heshima.

Mtungi ukanguruma tumboni.

“Funula,” Bwana Kambi akaamuru.

“Bwana, miye siwezi kufunula mama mukwe.”

Bwana Kambi akamwambia achague, blanketi au kazi. Kazi ya malonda, na koti la kaki, na kofia! Musonda alivua koti, akalikunja vizuri, akalinyoosha nyuma ya mgongo wake bila kugeuka. Mpaka leo sijui kama alijua aliyelala pale ni pombe. Yaya Elena alikuwa mlangoni analia, na mimi nikalia kwa kumwiga.

Hapo Mzungu mwenyewe akatia mkono juu ya blanketi. Joto! Tena palikuwa panachemka ndani. Akaurudisha haraka, akaufuta kwa leso, akaita mganga wa dispansari. Mganga alifunua kidogo, akaona kilemba, akaona udongo. Akamtazama Bwana Kambi aliyesimama mbali mlangoni, akafunika tena, akamtilia mgonjwa kinini, ile dawa chungu ya malaria, kiganja kizima.

“Amemeza,” akasema. “Asisumbuliwe.”

Jumamosi wajomba walikaa, wakafyonza. Katubi ilikuwa chungu kama nyongo. Bibi aliziba uso na kitenge. Mjomba mkubwa akafyonza tena, akafikiri, akasema, “Hii iko kama ile ya chupa ya Bazungu.” Wakauliza mama mkwe amejifunzia wapi. Hawakuinuka mpaka mtungi ulipokauka, na yaya Elena akaolewa na mtu asiye na kazi wala koti.

Siku hizi mimi ndiye mama mkwe, na mkwe wangu huniletea kreti nzima ya bia. Ananikumbatia, ananiita chérie, yaani mpenzi, anafungua chupa kwa meno yake mbele yangu, anakaa magoti yakigusana na yangu. Ni mtoto mzuri, ananipenda, nami ninakunywa.

Mama hakuwahi kumpa Musonda ruhusa ya kumtazama. Alisema bado, bado kidogo. Alipofariki, Musonda, naye mvi zimejaa, alisimama mlangoni mwa chumba alimolazwa, akitugeuzia mgongo, akamwuliza yaya Elena polepole, “Sasa naweza kumuangalia?” Mimi nikifa, mkwe wangu hatakuwa na la kuuliza.