Neno la Ghorofa ya Tatu

Severa hakai kitini zaidi ya dakika mbili. Anauza vifungo, zipu na uzi ghorofa ya tatu ya jengo moja hapa Mchafukoge, na mteja akitaka vifungo kumi na viwili, Severa atavihesabu huku anatembea. Msimcheke. Mwaka 2016, tetemeko lilipopiga Bukoba, alikuwa kwao, anaanua nguo uani. Mama yake alikuwa jikoni. Ukuta ulioanguka ni wa jikoni.

Tangu siku hiyo kila lori likipita anashtuka.

Ndiyo maana mhandisi Brightness na wenzake walipotafuta jengo la kujaribia mashine yao ya kuonya tetemeko, Severa alisema iwekwe dukani kwake. Mashine yenyewe ni kama kopo la siagi, imefungwa kwa skrubu chini ya nguzo. Tetemeko hutanguliwa na mtikisiko mwepesi ambao mtu hausikii. Mashine inausikia, inapaza sauti kwenye spika za koridoni, na watu wanapata sekunde chache za kuingia chini ya meza.

Tatizo, watu hawakuingia. Kwenye majaribio, sauti ya kwanza ilisema, "Tahadhari, kumegundulika mtetemo wa ardhi, mnaombwa..." Mafundi cherehani wa ghorofa hiyo wakasimama kusikiliza, wakidhani ni tangazo la chanjo. Mzee Salem, mwenye jengo, akachoshwa na kelele.

"Jaribio moja tu, Jumamosi saa nne asubuhi," akamwambia Severa. "Wasipojificha, naing'oa."

Wiki nzima Severa hakutulia. Ijumaa akapata wazo. Wapagazi wa jengo lile hurusha mabelo ya vitambaa kutoka juu hadi mtaani, na kabla ya kuachia hupiga ukelele mmoja: "Chini!" Walio mtaani huruka pembeni bila kuuliza. Akamrekodi Bakili, mpagazi mwenye koo kubwa kuliko wote.

Jumamosi saa nne Brightness akabonyeza. "Chiniii!" Sauti ya Bakili ikajaa korido. Ghorofa nzima ikaacha cherehani, ikakimbilia roshani kuangalia belo linaangukia wapi. Bakili mwenyewe yuko mbele.

"We Bakili, si sauti yako hiyo?" Severa akamuuliza.

"Najua, dada. Nilitaka kuona nimerusha nini."

Mzee Salem, aliyekuwa akichungulia kutoka ndani ya duka la Severa, hakucheka. Lingekuwa tetemeko la kweli, lingewakuta wote roshani, mahali pabaya kuliko pote. Akatoa bisibisi mfukoni, akapiga goti kwenye nguzo. Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili ikaanza kulegea.

Mafundi walikuwa wamesharudi kwenye cherehani zao. Severa akazunguka duka mara mbili, akatoka koridoni.

"Mzee anapanda," akaita, si kwa nguvu, vile wanavyoambizana siku zote.

Hapa niwaeleze. Mzee Salem kapiga marufuku majiko ya umeme humo ndani, na hakuna fundi asiye nalo.

Plagi zikachomolewa, pwa, pwa, pwa. Mafundi ishirini wakazama chini ya meza za kukatia pamoja na majiko yao. Kimya. Korido ikabaki na harufu ya maharage.

Brightness akatazama saa yake. "Sekunde nne. Na umeme wamechomoa."

Mzee Salem akasimama mlangoni, bisibisi mkononi, anatazama visigino vilivyochomoza. "Severa, hawa wamefanya hivi miaka mingapi?"

"Tangu nihamie, mzee. Saba."

Chini ya meza moja mtu akanong'ona, "Keshaondoka?"

"Bado nipo," akajibu Mzee Salem. Akamgeukia Brightness. "Rudisha skrubu. Mrekodi huyu mwanamke. Majiko nitayafuata Jumatatu."

"Ukiyachukua, mzee, watakuwa hawana cha kuficha," Brightness akasema. "Hawataingia tena."

Mzee Salem akaitazama bisibisi yake.

"Basi sijayaona," akasema, akamkabidhi Severa bisibisi, akashika ngazi.

Severa akapiga goti, akaanza kukaza mwenyewe.