Mama Mkwe Amepalilia Kitalu cha Bwana

Mhariri, jina langu lifiche, hata kijiji usikitaje. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, nina mke na watoto watatu. Ni nyapara katika kituo cha majaribio ya mkonge huku Kilosa. Nimechoka, ndugu zangu.

Bwana wetu Mzungu, mkuu wa kituo, alipanda vitalu hivi vya majaribio mke wangu akiwa bado mwali kwao. Vingine tunapalilia, viwili aliamuru viachwe na magugu yake, aone kama mkonge utanawiri vilevile. Kupima na kungoja, mwaka baada ya mwaka, juani. Mwaka huu ndio tungekata mkonge tupate jibu.

Nilipokwenda stesheni kupokea mizigo, mama mkwe akashuka kutoka milimani kututembelea. Akaona magugu ya kimoja cha vile viwili, kilicho nyuma ya nyumba yangu, akadhani ni shamba langu. Kwao, shamba chafu la mkwe ni aibu ya ukoo mzima. Akawaita dada zake, wakaja na majembe, wakaimba, wakalima. Niliporudi kitalu kilikuwa cheupe, magugu yamechomwa. Nilikaa chini nikashika kichwa.

"Mama Yohana, ulikuwa unaangalia tu?" nilimuuliza mke wangu.

"Nilimwambia Mzungu ndiye anayetaka magugu. Akacheka, akasema hayo ni maneno ya mwanamume mvivu."

Bwana alipouliza nani kafanya, nilisema sijui. Ningemtajaje mama mkwe, mtu ambaye hata salamu zangu humfikia kupitia kwa binti yake? Basi Bwana akawashuku manamba waliotoka mbali kuja kukata mkonge. Amesema Jumamosi anawafukuza wote. Jana mmoja alinishika mkono: "Nyapara, wewe unatujua. Tusemee." Niliona aibu, nikaangalia pembeni.

Nikisema ukweli, mama mkwe ataitwa barazani kama mwizi, na mke wangu ameapa, "Siku hiyo narudi kwetu na watoto." Nikinyamaza, watu wasio na kosa watarudi makwao mikono mitupu.

Na leo asubuhi mama mkwe ametuma kuku na salamu. Ananihurumia kwa kazi nyingi, hivyo wiki ijayo anakuja na wenzake kumalizia kile kitalu cha pili.

Ninyi mnaoishi na wakwe, nishaurini kabla ya Jumamosi: nimtaje mama mkwe, au ninyamaze?