Babu Sefu Akinyamaza

Ti, ti, taa, ti! Hiyo ndiyo sauti iliyokuwa ikiniamsha Matrah, huku kwa Waarabu, nilipokuwa mtoto, miaka ile tumeshatoka Unguja na nchi haina lami wala umeme. Ni Babu Sefu huyo, anagonga kijiko kwenye sinia la kahawa. Ujana wake wote alikuwa mtu wa simu ya upepo kwenye meli za makaa, kazi yake kugonga habari kwa kidole, zikaruka baharini bila waya. Kidole chenyewe kigumu, akivunjia lozi. Akisema siku moja aligonga mpaka samaki wakamwitikia. Mie niliamini, na leo bado nnaamini.

Sasa, alikuwa na ada aliyotoka nayo melini. Kila nusu saa, wapiga simu wote baharini walikuwa wakinyamaza dakika tatu, wasikilize kama kuna chombo kinazama kinaita. Babu kashastaafu zamani, meli hana, mashine hana, lakini saa ya ukutani kaipaka rangi nyekundu pale pale pa kunyamazia. Mshale ukifika, basi! Tonge likiwa mdomoni, litabaki mdomoni. Mara moja alinyamaza kamshika mbuzi mkia, mbuzi naye akanyamaza. Sie tulishazoea. Wageni ndio hawajui.

Shangazi yangu Zuwena, bintiye Babu, alikuwa kampenda Salum, kijana wa Qantab aliyeuza vitambaa sokoni. Nyumba nzima ilijaa vitambaa visivyo na kazi. Mwisho Salum akamleta babake kuposa, mzee mwenye hamaki, akikataliwa pahala harudi hata kwa dawa. Wakaja baada ya alasiri, wanaume wakakaa sablani, chumba cha wageni, sie wanawake nyuma ya pazia tumebanana kama tende kapuni. Halwa ikaliwa, kahawa ikanywewa. Babake Salum akasema, "Sheikh Sefu, tumekuja kumtaka Zuwena kwa kijana wetu. Wasemaje?"

Babu akajibu, "Mie huyu Zuwena wangu, kwa Salum wenu..." Akanyamaza. Kanyanyua mkono, kainamisha sikio.

Bibi akachungulia saa, akajipiga kifua. "Yallah, nyekundu!"

Kimya kikaingia, wallahi nilisikia ndevu za wageni zikiota. Babake Salum akawa mwekundu kuliko ile saa. "Basi, khalas, tumefahamu." Akainuka, anatafuta makubadhi. Salum macho chini. Na mwanamke kuingilia maneno ya wanaume sablani, tena siku ya posa, jambo hilo halijapata kutokea.

Zuwena akapiga ukelele: "Msende! Baba hajakataa! Anasikiliza wanaozama!"

Bibi alizimia mara mbili, ya pili kwa kukumbuka ya kwanza. Yule mzee akasimama, kubadhi moja mguuni, akamtazama Salum anavyotoka jasho. "Anayezama ni huyu mwanangu, jamani. Muokoeni!"

Sabla nzima ikacheka mpaka vumbi likaanguka darini. Babu tu hakucheka, mkono bado juu, mpaka mshale ulipotoka. "...nshamuoza," akamalizia. "Mbona mmesimama?"

Siku hizi posa zinapita kwenye simu za mkononi, jibu linarudi kahawa haijapoa. Vizuri, sikatai. Lakini Shangazi Zuwena, nyumbani kwake Azaiba, anawatania wajukuu zake: "Nyie mmeolewa kwa vidole. Mie niliolewa kwa koo langu!" Na Mzee Salum, masikio yameshakufa, hasikii adhana wala radi, ila hiyo sauti moja. Zuwena akiita, kashafika.