Maiti Hawaamkii: Vita Yetu ya Migombani Makere

Wenzangu mliokulia Kasulu na Kibondo miaka ile baada ya vita ya Kagera, mtakumbuka kwamba bunduki zetu zilikatwa migombani. Unachukua uti wa jani la mgomba, unauchanja ndimi tano sita, unazisimamisha, kisha unazipitishia kiganja zinalala kwa mpigo: ta-ta-ta-ta. Kofia ya chuma ilikuwa kibuyu kilichopasuka. Bomu lilikuwa majivu yaliyofungwa kwenye jani, na mama zetu walishangaa majivu ya kuhifadhia maharage yanaishia wapi.

Siku hizi hapa mjini Kasulu kuna kikundi cha vijana wanaoigiza vita hiyo hiyo kwenye uwanja wa shule. Wana buti za mitumba na kombati walizoshonesha kwa fundi, na wiki nzima wanagombana kwenye grupu lao la simu kuhusu rangi ya mkanda. Mmoja alinuna siku tatu kwa kuambiwa vifungo vyake ni vya suti. Nilicheka sana, halafu nikajiona humo humo, maana na mimi nilikuwa hivyo, tena mbaya zaidi.

Sisi wasichana tulipewa unesi tu. Nikaona kama sipigani, basi nitahukumu, na kwa mdomo niliokuwa nao hakuna aliyenipinga. Kila kiangazi, maharage yakishavunwa, mapigano yalikuwa kwenye migomba nyuma ya kanisa pale Makere, na mimi ndiye niliyeamua nani kapigwa na nani kakoswa. Nilitaka kila kitu kiwe cha kweli. Nilimsumbua baba mdogo Tito, aliyerudi kutoka vitani na goti bovu: mlikula nini, mlilala wapi, mlikuwa mnaogopa? Alinijibu vidogo vidogo tu, kwamba buti zililowa, kwamba mbu walikuwa wengi. Mimi huyo, mbio, nikaenda kuwaamuru askari wangu waloweshe miguu mtaroni kabla ya kuanza.

Lakini mzozo wetu mkubwa ulikuwa wa salamu. Mnajua desturi yetu Waha: mkubwa akipita unaacha ulichoshika, unainama, unapiga makofi taratibu na kumwamkia mpaka amalize kuuliza habari za nyumba nzima. Sasa vita imepamba moto, anatokea bibi na kuni zake kichwani. Mwidiwe, bibi. Majeshi yote mawili yanaweka bunduki chini na kupiga makofi, na maiti nao wanainuka wanaamkia. Akishapita, kila maiti anadai hakuwa amekufa. Kesi hiyo nikampelekea baba mdogo: maiti anaamkia? Alicheka mpaka akakohoa, kisha akainuka.

"Haamkii," akasema, akaingia ndani.

Basi ikawa sheria. Ukifa umekufa, hata apite nani.

Miongoni mwetu alikuwepo Yeremia, jirani yetu. Baba yake alikwenda vitani pamoja na baba mdogo na hakurudi, wala barua haikuja. Matanga hayakuwekwa, kwa kuwa mama yake alisema mumewe hajafa, amechelewa tu. Miaka ilipita, na kila jioni bado alimtengea ugali wa muhogo, akaufunika. Katika mchezo Yeremia alikuwa baba yake siku zote, na hakukubali kufa hata umpige kwa karibu vipi. Wengine wakalalamika. Nami nikamwambia mbele ya wote kwamba baba yake hakurudi, kwa hiyo kama tunacheza kweli, leo afe. Nilikuwa na miaka kumi, lakini mpaka leo naona aibu.

Akafa. Alilala chali kwenye majani makavu, nikampima mapigo, nikatangaza. Hapo hapo mama yake akatokea na kapu la mihogo. Tukasimama wote tukapiga makofi, isipokuwa Yeremia. Nilimwona kope zinamcheza, lakini hakuinuka.

Mama yake akaniuliza mwanawe anafanya nini. Nikamjibu, tena kwa fahari, kwamba amekufa, kwamba yeye ni baba yake.

Alitua kapu. Akakaa chini kando ya mtoto, miguu ameinyoosha kama wanawake wanavyokaa msibani, akamtazama. Nilingoja kofi, halikuja. Kisha akamshika bega.

"Inuka, mwanangu. Mwache baba yako alale."

Ndipo akalia, na sijawahi kusikia kilio kama kile. Kesho yake ndugu zake walifika kutoka Munanila, moto ukawashwa uani, matanga yakawekwa bila kaburi. Baba mdogo alikaa nao siku zote, na kwa mara ya kwanza akaeleza mahali alipomwona rafiki yake mara ya mwisho. Sisi hatukucheza vita tena.

Vijana wa leo, kusema kweli, nawapenda. Wanajua mambo ya buti na mikanda ambayo sisi hatukuyajua, na wanauliza maswali mazuri kuliko yangu. Ila wao wamezaliwa mbali na ile vita, na sisi tuliichezea kwenye nyumba zilizokuwa bado zinangoja watu. Mwezi uliopita nilimtumia Yeremia picha zao. Yuko Kibondo, ana wajukuu, na umri wa baba yake ameshaupita zamani. Nilidhani atacheka vile vifungo vya suti. Badala yake akanipigia.

"Wakimaliza," akauliza, "wanainuka wote?"

Nikamwambia wote, wanajipangusa vumbi, wanakwenda kula wali.

"Afadhali," akasema.